Baba anataka kutoa pesa ya karafuu nikasome masta ya usalama wa mtandao kwa onlaini, nilipe au nisubiri?

Assalaamu alaykum Shangazi,

Mie ni msomaji wako wa Chake Chake, n'na miaka 31, nimeolewa na n'na watoto wawili, mdogo hajatimia miaka mitatu. Digrii yangu ya kompyuta nilisoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na sasa niko ofisi moja hapa hapa Chake kitengo cha kompyuta, tuko wawili tu, na kazi yetu kubwa ni printa, paswadi zilosahauliwa na virusi vinavyoletwa na flashi. Mwaka jana tulifika asubuhi tukakuta mafaili ya mahesabu yote hayafunguki, kwenye skrini kuna maandishi ya kudai pesa. Bekapu ilikuwa kwenye diski ya nje ambayo imechomekwa kwenye kompyuta ile ile, nayo ikaharibika pamoja. Siku nne tunaingiza upya kutoka kwenye karatasi, na bosi akaniuliza mbele ya watu, wewe si ndo msomi wa kompyuta, mbona hukuliona hili? Shangazi niliona haya mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Tokea hapo moyo wangu umenata kwenye usalama wa mtandao tu.

Nikawa natafuta masta ya kusoma nikiwa nyumbani kwa sababu kuhama siwezi. Nikajaza fomu sehemu moja, siku ya pili tu akanipigia mtu kwa WhatsApp akasema yeye ni mshauri wa udahili wa chuo kimoja cha Uingereza. Anasema nimekubaliwa. Ada ni dola 9,800 lakini nimepata punguzo hivyo nitalipa dola 3,200, miezi 12 nimemaliza, hakuna tasnifu, hakuna mitihani, na uzoefu wangu wa kazi utahesabiwa kama moduli nne. Sharti nilipe ndani ya masaa 48, na hayo 48 yeye keshanisogezea mbele mara mbili kwa huruma yake. Barua ya kukubaliwa ninayo, ina muhuri na saini. Kitu kimoja tu kinanisumbua, akaunti ya kulipia ni ya jina la mtu na benki iko nchi nyengine kabisa siyo Uingereza.

Baba yangu aliposikia alifurahi sana. Msimu huu mikarafuu yake imezaa na karafuu hivi sasa ziko uwani juu ya majamvi zinakauka, kasema zikishauzwa pesa nichukue mie, kwa sababu yeye hakusoma na anataka mwanawe afike. Mume wangu kwa upande wake anasema masta ya kwenye simu hakuna ofisi itakayoitambua, bora tununue kiwanja. Nimekaa katikati Shangazi. Nilipe? Na je masta ya onlaini ina maana au mume wangu kasema kweli? Na mtu mwenye kazi na watoto wawili anaiweza?

Wako,
Binti Karafuu, Chake Chake


Waalaykum salaam mwanangu,

Usilipe. Nakuanzia na hilo kwa sababu sijui masaa yako 48 yamebaki mangapi, na sitaki usome barua ndefu huku mkono uko kwenye simu ya benki. Usilipe hata senti, hata ile wanayoiita ya kushikilia nafasi. Sasa kaa kitako tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia uchungu wa lile neno la bosi, maana na mie nimefanya kazi kwenye vyumba vya seva miaka mingi na najua inavyouma kuulizwa mbona hukuliona na mtu ambaye mwaka mzima umemuomba pesa ya diski ya bekapu hakukupa. Usibebe aibu isokuwa yako peke yako. Mara ya pili ndo nikaiangalia kama ninavyoangalia imeili iliyoletwa na mfanyakazi aniulize hii nibonyeze au nisibonyeze. Na wewe nataka uiangalie hivyo hivyo.

Umetaka kusoma namna watu wanavyotapeliwa mitandaoni, haya somo limekuja lenyewe mpaka mlangoni. Imeili ya kitapeli ikiingia ofisini kwenu unawaambia nini wenzio? Utawaambia ukiona mtu anakuharakisha simama kwanza. Huyu kakupa masaa 48, kisha kayasogeza mara mbili, yaani tarehe yenyewe haipo, ipo haraka tu. Utawaambia tazama pesa inakwenda wapi, na hapa inakwenda kwa mtu binafsi katika nchi ambayo chuo hakipo, na hilo umeliona mwenyewe bila kufundishwa na mtu, hongera, moyo wako ulikuwa unafanya kazi vizuri kuliko masikio yako. Utawaambia kitu kizuri kupita kiasi kina kasoro. Masta isiyo na mitihani wala tasnifu, moduli nne unapewa kwa kuwa umewahi kutengeneza printa, mwanangu hicho siyo chuo, hilo ni duka la karatasi.

Fanya hivi leo. Kama ile barua ya kukubaliwa ililetwa kwa imeili, ifungue imeili hiyo kwenye kompyuta siyo kwenye simu, kama ni Gmail kuna sehemu ya kutazama ujumbe asili, ifungue utaona maandishi mengi ya ajabu. Tafuta mstari wa aliyetuma na mstari wa anwani ya kujibiwa, tazama kama ni anwani moja au mbili tofauti. Halafu tazama jina la tovuti baada ya ile alama ya @, herufi kwa herufi, kwa kidole. Vyuo vikuu vya Uingereza karibu vyote vinamalizia na .ac.uk na jina hilo halinunuliwi na kila mtu, vya Marekani .edu, vya kwetu .ac.tz. Ukikuta linaishia .org au .com au lina kistari katikati kisichokuwepo kwenye jina la chuo chenyewe, ushajua. Na kama jina la chuo ni la kweli basi usipige namba alokupa yeye, ingia tovuti ya chuo mwenyewe kwa kuandika, chukua namba ya udahili, uliza kama jina lako lipo. Kwa England kuna ofisi inaitwa Office for Students yenye daftari la vyuo vilosajiliwa na mtu yeyote anaweza kulitazama bure. India nako tume yao ya vyuo vikuu, UGC, hutoa orodha ya vyuo feki kwa majina. Nakutajia India kwa sababu wengi wa kwetu huelekea huko na huyu akishindwa na wewe kwa Uingereza pengine atarudi na India.

Wala usione ni wewe tu. Mei 2015 gazeti la New York Times liliandika habari ya kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa na mamia ya tovuti za vyuo na skuli ambazo hazipo duniani, picha za wanafunzi wanacheka na walimu wamevaa joho, kumbe nyuma yake ni chumba cha watu wa simu wanauza kwa zamu usiku na mchana. Watu wenye akili zao, wauguzi, mainjinia, walilipa. Walivutwa na hamu ya kusoma, kama wewe, na ndo kinachonikera zaidi na biashara hii, kwamba wanawala watu wenye kiu ya elimu.

Sasa kwa mume wako. Ana haki ya kuogopa na kwa huyu wakala kasema kweli bila kujua. Lakini kwamba masta ya mbali haitambuliwi popote, hapo sikubaliani naye, mwambie kwa upole. Chuo Kikuu cha London kinatoa digrii kwa watu walio mbali tangu 1858, Mandela alisoma sheria kwa njia hiyo akiwa Robben Island, na hapa kwetu Chuo Kikuu Huria kinasomesha kwa masafa tangu 1994 na bila shaka mumeo anawajua watu waliosoma huko na wana vyeo vyao. Kwenye fani yako yenyewe, Royal Holloway, chuo kimojawapo ndani ya Chuo Kikuu cha London, walianza masta ya usalama wa taarifa 1992, wakati sisi wengine hata imeili hatujaiona, na leo Chuo Kikuu cha London kina masta ya usalama wa mtandao inayosomwa kwa onlaini. Georgia Tech, chuo cha Atlanta huko Marekani, nao walianzisha yao ya onlaini Januari 2019 na walitangaza kwamba programu nzima itakuwa chini ya dola 10,000. Nakutajia hiyo bei ili uwe na kipimo, maana ukishajua chuo kikubwa kinachukua kiasi gani hutashangazwa na mtu anayesema ada halisi ni hii lakini wewe nimekupenda.

Ila kutambuliwa huko London ni kitu kimoja na kutambuliwa kwenye faili lako la utumishi ni chengine, na hapa ndo nataka utulie kwelikweli. Vyeti vya nje vinatathminiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Watu wengi husoma kwanza halafu ndo wanapeleka cheti kutathminiwa, wengine wanagundua wamechelewa. Wewe geuza. Ukishapata chuo unachokitaka, waandikie TCU kabla hujalipa, taja jina kamili la chuo, jina la programu, na sema wazi kwamba utasoma kwa masafa siyo darasani, usilifiche hilo hata kidogo, na jibu lao lihifadhi kwa maandishi. Halafu nenda kwa afisa utumishi wa ofisi yako uulize, masta hii nikimaliza nitahesabiwa? Nayo iwe barua, siyo maneno ya kwenye korido. Na ukiwa huko huko ulizia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar masharti yao ya mwaka huu kwa wanaosoma bila kusafiri, kuuliza si kosa, na kama kuna njia nyengine ya pesa basi baba apumzike.

Mimi mwenyewe masta yangu niliisoma kwa masafa nikiwa Unguja, nikifanya kazi na mtoto mgongoni. Katikati ya masomo waya wa umeme wa chini ya bahari ukaharibika, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kiza. Miezi mitatu. Wewe wa Pemba pengine mlisimuliwa tu. Nilikuwa natoka kazini laptopu imejaa chaji ya jenereta la ofisi, inanipa masaa mawili na dakika kidogo, basi nafika nyumbani nishajua leo nitafanya nini, siwashi mpaka nimeshaandika kwenye daftari kwa kalamu, kisha nawasha, napiga chapa, nazima. Kazi ya moduli ya usimbaji, yaani kuuficha ujumbe asiusome asiyehusika, niliiandika hivyo yote kwa taa ya chemli, masizi ya chemli yakaingia mpaka kwenye karatasi. Nilifaulu lakini nilichelewa muhula mmoja na sikujuta. Nakwambia hili ili uchague programu inayokuruhusu kusita. Uliza kabla, nikikwama muhula mmoja naweza kusimama nikarudi bila kulipa upya? Chuo cha kweli kitakujibu kwa ukurasa wa kanuni.

Na uliza masaa. Vipindi vingi siku hizi ni vidio zilizorekodiwa unatazama wakati wako, lakini kuna vyuo vina kipindi cha moja kwa moja, na kipindi cha saa moja usiku cha Atlanta kwetu ni saa nane za usiku na wakati wao wa baridi inakuwa saa tisa. Na mtoto wa miaka mitatu, na kazi asubuhi, hebu fikiri. Uingereza ni nafuu, tofauti yetu ni masaa mawili au matatu tu. Mitihani nayo mara nyingi unafanya umewasha kamera na mtu au programu inakutazama, mtoto akiingia chumbani ni tatizo, intaneti ikikatika ni tatizo, kwa hiyo mapema kabisa tafuta chumba, cha ofisini siku ya mapumziko au kwa ndugu mwenye nyumba tulivu. Masomo ya masta ukiyachukua mawili kwa wakati mmoja ni kama kazi ya pili, anza na moja. Mumeo akubali kwa mdomo wake nani anawalisha watoto jioni zipi, hilo lipangwe kabla ya ada, kwa sababu nimeona masta nyingi zikifia jikoni.

Lakini nina jambo ambalo hukuniuliza na naona ndo kubwa kuliko yote. Wewe unataka masta kwa sababu ya ile asubuhi ya mafaili. Sasa nikuulize, unajua yale yaliingiaje? Ile WannaCry ya Mei 2017, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa kama chenu, ilosimamisha hospitali za Uingereza, Microsoft walikuwa washatoa rekebisho la ule udhaifu tangu Machi, miezi miwili kabla. Miezi miwili rekebisho lipo na mashine hazikurekebishwa. Sababu utazikuta pale pale ofisini kwenu, mashine kongwe ambayo ikiguswa mfumo wa mahesabu unakufa, hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina, bosi hajui hatari kwa hiyo hatoi pesa. Masta nzuri itakufundisha usimbaji na mitandao na uchunguzi wa ushahidi wa kompyuta, ndiyo, lakini itakufundisha pia hayo ya pili, kupima hatari na kuieleza kwa mtu asiyejua kompyuta mpaka asaini hundi. Programu nyengine zimeegemea ufundi, nyengine sera na usimamizi. Soma orodha ya moduli, siyo picha za tovuti, halafu jiulize wewe unapenda ipi. Kwa namna ulivyoandika kuhusu ile siku nahisi wewe ni wa zote mbili.

Na hayo unaweza kuyaanza wiki hii bila kusubiri udahili. Bekapu kwanza, nakala moja isiyogusana na kompyuta yoyote, diski ikimaliza kunakili ichomolewe ifungiwe kabatini, na mara moja kwa mwezi jaribu kurudisha faili moja uone kama kweli linafunguka. Andika ripoti ya kurasa mbili ya lile tukio, nini kilitokea saa ngapi, nini kingezuia, mpe bosi. Hiyo ripoti itakuja kukusaidia hata kwenye maombi ya chuo kwenye ile insha ya kwa nini unataka kusoma.

Nyumbani jenga maabara yako ndogo. Laptopu yenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16 ndo nzuri, ya 8 utajikaza, ya 4 itakutoa machozi, unatia VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kubuni ndani ya kompyuta yako, ndani yake unaweka Kali Linux, mfumo wenye zana za kupimia usalama, na mashine nyengine ya kushambuliwa, zote za kubuni na hazitoki nje. Mafaili yake ni makubwa usiyashushe kwa bando la simu, omba ruhusa ushushe ofisini baada ya kazi. Kuna TryHackMe, tovuti ya kujifunzia usalama wa mtandao, ina masomo ya kuanzia ya bure. Fungua programu ya Wireshark utazame data inavyopita kwenye mtandao, siku ya kwanza utaona vurugu tu, siku ya kumi utaanza kusoma kama gazeti. Ila nisikilize vizuri hapa, usije ukajaribu kwenye mfumo wa ofisi wala wa mtu mwengine bila idhini ya maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatushika na sisi Zanzibar, na kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa hata kama nia yako ilikuwa kuwasaidia.

Vyeti vya kitaaluma utavisikia vingi, sitavimaliza hapa. Security+, cheti cha usalama cha taasisi ya CompTIA, ni ya kuanzia na inakufaa sasa. CISSP, cheti cha usalama cha ngazi ya juu, watu wataitaja sana lakini inataka uzoefu wa miaka mitano, digrii inakupunguzia mmoja, kwa hiyo iache kwanza.

Miezi sita ya hivyo, jioni tatu kwa wiki, utajua mwenyewe kama hii ni hamu ya kweli au ni ile aibu ya mbele ya watu inayokusukuma. Ikiwa ni hamu, omba chuo cha kweli kwa muhula utakaofuata. Hapo ndo pesa ya baba itakuwa na kazi.

Kwa baba nenda wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie baba huyu alonipigia simu nimemchunguza sikumuamini, na kuchunguza ndo kazi ninayotaka kuisomea. Atakuelewa haraka kuliko unavyodhani, mtu aliyeuza karafuu maisha yake yote anajua mizani inayoibia ilivyo. Pesa yake ikishaingia ikae benki kwa jina lake mpaka uwe na barua mbili mkononi, ya chuo na ya TCU.

Usiku huu mjibu yule wakala mstari mmoja tu, mwambie nitalipa kwenye akaunti yenye jina la chuo, nipe namba ya usajili ya chuo na jina la mkuu wa idara. Usimtukane wala usimpe kitambulisho wala paswadi, na kama ulishamtumia kopi ya pasipoti au cheti basi niambie tujue la kufanya. Halafu nitumie alichokujibu, na ile barua yenye muhuri pia, nataka niione.

Shangazi yako